Jinsi ya kuonja blondi ya kiwanda kidogo, bia isiyo na pa kujificha

Watu wengi wakiingia kwa mara ya kwanza kwenye kiwanda kidogo cha bia hapa Nairobi huagiza blondi kwa sababu moja tu: ndiyo inayofanana na bia waliyoizoea. Rangi ni ile ile ya dhahabu, povu jeupe, uchungu kidogo, kilevi cha kawaida. Wenye viwanda wanalijua hilo, ndiyo maana blondi huwa juu kabisa kwenye orodha. Wanaojiita wajuzi nao huipita mbio wakitafuta IPA, bia yenye uchungu mwingi, na stauti, bia nyeusi, kana kwamba blondi ni bia ya wageni.

Mimi naona wanajinyima. Kiwanda ukitaka kukipima, anza na blondi. Pilau ikikosewa, viungo vitaficha mengi, lakini wali mweupe ukikosewa kila mtu mezani anajua. Blondi haina kimea (nafaka iliyooteshwa) kilichoungua cha kufunika kosa, haina hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, za kuziba pua. Maji yakiwa na shida utayasikia. Hamira ikiharakishwa utaisikia. Bomba lisiposafishwa, utajua kabla ya mwenye baa.

Mwongozo huu ni kwa mtu mzima anayekunywa, anayetaka kujua anakunywa nini. Glasi mbili zinatosha kwa kila kitu nitakachoeleza. Na kama ulikuja na gari, panga teksi mapema, maana alkoblo, kile kipima pumzi cha polisi, haiulizi kama ulikuwa unaonja au unalewa.

Ijue unayoionja

Blondi ni eli. Imechachushwa kwa hamira inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 15 hadi 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi huisha ndani ya siku chache. Laga, yaani bia nyingi za chupa tulizokulia nazo Afrika Mashariki, hutumia hamira ya aina nyingine inayopenda nyuzi 8 hadi 13, kisha hulazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Mwenye matangi matatu na deni la benki hawezi kulaza tangi mwezi mzima. Blondi humtoka ndani ya wiki mbili au tatu, na inampa mteja wa laga kitu asichokiogopa. Kwa tabia ya kuchachuka, eli ina undugu na busaa na mbege kuliko ilivyo na laga, kwa kuwa nazo huchachukia kwenye joto la nyumba.

Miongozo ya mashindano ya BJCP ya Marekani, ambayo wapika bia wengi hupimia kazi zao, inaiweka blondi kwenye kilevi cha asilimia 3.8 hadi 5.5 na uchungu wa 15 hadi 28 kwa kipimo cha IBU. Kwa kulinganisha, Tusker ina kilevi cha asilimia 4.2. Kwa hiyo usitegemee kuangushwa. Tegemea bia laini, yenye kimea kidogo na uchungu unaokaa kimya.

Tahadhari moja kabla ya kununua. Bia za Ubelgiji zinazoandikwa blonde ni kitu kingine kabisa. Leffe Blonde kwa mfano ina asilimia 6.6, na hamira yake hutoa harufu ya viungo na matunda kwa makusudi. Ukiionja kwa vigezo vya hapa utaionea, na ukiinywa kwa mwendo wa blondi yetu itakuonea wewe.

Hatua ya kwanza: inunue ikiwa mbichi

Bia ya kiwanda kidogo mara nyingi haikuchujwa sana wala haikupashwa moto kuua vijidudu, kwa hiyo inahitaji friji tangu inapotoka kiwandani hadi inapofika mezani. Na blondi haizeeki kwa heshima. Tafuta tarehe ya kujazwa, si ya kuisha peke yake. Ikiwa ndani ya miezi miwili au mitatu na imekaa kwenye baridi, chukua. Ikiwa imesimama kwenye rafu karibu na dirisha la duka, iache hata kama ina punguzo. Hasa kama ina punguzo.

Ukipata nafasi ya kuionja kiwandani penyewe, bombani, ni bora zaidi. Viwanda vya namna hii vimejitokeza miji mingi ya kwetu: 254 na Bateleur hapa Kenya, Crafty Dee's Dar es Salaam, Banange Uganda, Kweza Kigali. Si lazima vyote viwe na blondi siku utakayofika, maana orodha hubadilika. Uliza kwanza.

Ukishaketi, muulize mhudumu maswali mawili: pipa hili lilijazwa lini, na mabomba husafishwa kila baada ya muda gani? Kanuni ya wenye kazi hii ni kila wiki mbili. Ukijibiwa kwa tarehe, uko pazuri. Ukijibiwa kwa kicheko, agiza chupa.

Saa nayo ina maana. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo watu bado wanaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inaruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Jumamosi saa nane basi ni wakati mzuri mno. Ulimi haujachoka, kelele hazijaanza, na mpika bia pengine yuko huko nyuma akiosha matangi, anaweza kuja kuzungumza. Ila usikubali glasi ya kwanza kabisa ya siku, kwa sababu bia hiyo imelala kwenye mpira wa bomba usiku kucha.

Nusu saa kabla ya kuonja, acha kahawa, sigara, pilipili na chingamu. Marashi makali ni adui wa meza nzima, si wako peke yako.

Hatua ya pili: glasi

Hapa ndipo wengi huharibu bia nzuri bila kujua. Glasi iliyofutwa kwa taulo la jikoni ina mafuta na nyuzi za kitambaa. Iliyooshwa kwa sabuni ya manukato na kusuuzwa haraka ina sabuni. Vyote viwili huua povu na kubadili harufu.

Jaribu hivi nyumbani: suuza glasi kwa maji safi, yamwage, kisha itazame kwenye mwanga. Ikiwa maji yametandaza utando mmoja pote ndani, glasi ni safi. Yakijikusanya kuwa matone au kuacha mapengo, pale pana mafuta. Ukitaka uhakika zaidi, nyunyiza chumvi ndani ya glasi ikiwa imelowa, maana chumvi itagoma kushika kwenye mafuta. Baa huwezi kunyunyiza chumvi, lakini bia yenyewe itakuonyesha. Ikishamiminwa, angalia ubavu wa glasi chini ya povu. Vipovu vilivyoganda ukutani havipandi, vimejipanga kwenye sehemu moja, mara nyingine kwa umbo la kidole au la kitambaa kilichopita. Kwenye glasi safi vipovu huibuka kutoka ndani na kupanda moja kwa moja. Ukiona vimeganda, omba nyingine kwa adabu, iliyosuuzwa maji baridi.

Umbo lisikusumbue. Glasi ndogo ya mvinyo inafaa kuliko bilauri nene la baa, kwa sababu mdomo wake ni mwembamba na hukusanya harufu. Glasi iliyogandishwa kwenye friza ikatae, hata mhudumu akikuletea kama heshima.

Na chupa? Nairobi watu wengi hunywea chupani, na wana sababu, maana habari za watu kuwekewa mchele, yaani dawa za kulaza mtu, kwenye vinywaji zimewakuta wengi. Lakini mdomo wa chupa hauachi nafasi ya pua, na bia bila pua ni uchungu na gesi tu. Mimina mwenyewe, glasi ikae mbele ya macho yako, na ukitaka kwenda msalani, malizia kwanza au mwachie mtu unayemwamini.

Hatua ya tatu: baridi ama moto?

Swali hilo la mhudumu kila mtu analijua, na kwa blondi jibu si lolote kati ya hayo mawili. Bia iliyotoka kwenye friji kali, kwenye nyuzi 2 au 3, hufisha ganzi ulimi na kufungia harufu. Ya moto, kwa maana ya iliyokaa kaunta, hupoteza gesi haraka na utamu wake huwa mzito. Unataka nyuzi 6 hadi 8 hivi. Huna haja ya kipimajoto: agiza baridi, imimine, kisha ipe dakika kumi huku unazungumza.

Sababu ya kuanza ikiwa baridi kidogo ni kwamba unataka kuionja mara tatu, ikiwa baridi, ikiwa imelegea, na ikiwa karibu na joto la chumba. Bia mbovu huvumilika kwenye baridi tu. Blondi nzuri inaweza kufika nyuzi 12 na bado ukataka kuimaliza.

Hatua ya nne: kumimina na kutazama

Inamisha glasi, mimina polepole ubavuni hadi nusu, kisha isimamishe na umalizie katikati ili povu liinuke. Lengo ni vidole viwili vya povu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo, na gesi hutoka kwenye bia haraka kuliko Mombasa, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Kama ni chupa na unaona mashapo chini, acha kiasi cha kijiko mwishoni. Mashapo ni hamira, hayadhuru, ila yatachafua picha.

Mililita 150 zinatosha kuonja. Shika glasi mbele ya karatasi nyeupe, si mbele ya taa ya njano ya baa, ambayo hufanya kila bia ionekane ya dhahabu. Unatafuta rangi kati ya majani makavu na dhahabu iliyokolea. Ikielekea kahawia, ama si blondi, ama hewa imeingia na bia imechakaa.

Ukungu kidogo usikutishe. Bia isiyochujwa huweza kuwa na ukungu ikiwa baridi, ukapotea inapopata joto. Huo hauna ladha. Ukibaki mzito hata bia ikiwa vuguvugu, weka akilini, kisha usubiri pua iseme. Povu liwe jeupe na lishuke taratibu likiacha nyuzi kwenye glasi.

Hatua ya tano: pua

Pua ndiyo kazi yenyewe, na hapa nitakaa.

Harufu za juu hutoroka katika dakika ya kwanza. Zungusha glasi kidogo, funika mdomo wake kwa kiganja, fungua, kisha nusa mara mbili au tatu kwa pumzi fupi fupi. Usivute pumzi ndefu, utachosha pua. Andika neno moja kabla ya kuzungumza na yeyote, maana mwenzako akisema ndizi, wewe nawe utaanza kusikia ndizi.

Kwenye blondi iliyokaa sawa utasikia mkate mweupe, biskuti, labda Weetabix kavu au asali kwa mbali. Juu yake hopsi kidogo: maua, ganda la chungwa au ndimu, majani yaliyokatwa sasa hivi. Mara nyingine tunda jepesi kama pea, linalotokana na hamira. Hakuna kinachopiga kelele. Ukishindwa kupata maneno, nusa kitambaa cha shati lako kwa sekunde chache kisha urudi kwenye glasi.

Sasa kasoro, zile unazoweza kuzitambua kwa pua iliyokulia jikoni kwetu.

Mahindi ya kuchemsha. Sufuria ya githeri ikifunuliwa. Kitu hiki wapika bia hukiita DMS, na hutokana na kimea cheupe ambacho mchuzi wake haukuchemka vya kutosha. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo mpika bia wa huku juu inambidi achemshe kwa muda mrefu zaidi na sufuria ikiwa wazi. Akibana gesi ya kupikia, blondi itamsema. Kiasi kidogo sana huvumiliwa na wengine, kikizidi ni kasoro.

Blu Bendi. Siagi, bisi za sinema, na ulimi kuteleza. Hii ni diasetili. Hamira huitengeneza kisha yenyewe huila, ikiachiwa siku za kutosha kwenye tangi. Ukiisikia kwenye blondi, mara nyingi kuna mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza. Inaweza pia kuwa uchafu wa bomba. Kwenye baridi hujificha, basi mimina kidogo kwenye kikombe, kifunike, kikumbatie kwa viganja vyote viwili mpaka kipate joto, kisha fungua na unuse papo hapo. Wapika bia makini hufanya jambo hilo hilo kiwandani kwa maji ya moto kabla ya kuruhusu bia itoke tangini.

Epo bichi, au ganda la boga lililokatwa. Bia changa. Ilihitaji siku zaidi.

Dettol au plasta ya hospitali. Hapo pana klorini. Maji ya mfereji ya Nairobi yanayotoka Ndakaini na Sasumua ni laini, hayana madini mengi, na kwa bia nyeupe hilo ni neema. Ila yametiwa klorini, na isipoondolewa hugeuka kuwa harufu hii ndani ya bia. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno, na hakuna anayeipenda.

Karafuu. Kwenye bia ya ngano ya Ujerumani ni sifa. Kwenye blondi ya namna hii ni hamira ya porini iliyoingia bila kualikwa.

Jibini au soksi. Hopsi zilizozeeka. Mmea huu hutaka siku ndefu za kiangazi ambazo karibu na ikweta hatuna, kwa hiyo hopsi huja kutoka nje na huhitaji kukaa kwenye friza, zikiwa zimefungwa bila hewa. Umeme ukikatika na friza ikayeyuka, unaweza kuisikia glasini.

Boksi lililonyeshewa. Hewa imeingia, au bia imezeeka, au imekaa kwenye joto. Kasoro hii si ya mpika bia kila mara, wakati mwingine ni ya lori na duka.

Kicheche. Mwanga wa jua ukigusa uchungu wa hopsi huzalisha harufu ya mnyama huyu akikasirishwa. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani au isiyo na rangi huzuia kidogo, na kopo huuzuia wote. Ukitaka kuijua harufu hii milele, chukua blondi moja, igawe kwenye glasi mbili za kioo. Moja iweke kabatini, nyingine kwenye jua kali la saa saba mchana, robo saa. Zinuse kwa zamu. Ukishazisikia hizo mbili, hutaacha tena glasi yako juani kwenye nyama choma ya Jumapili.

Kumbuka kwamba kusaka kasoro si lengo lote. Kuna watu wakishajifunza orodha hii hawanywi tena kwa raha, kila glasi ni kesi mahakamani. Ikiwa bia inanukia mkate na ua, imetimiza wajibu wake.

Hatua ya sita: kinywani

Piga fundo la wastani, lisambaze kinywa kizima, kisha meza. Bia haitemwi kama wanavyotema mvinyo, kwa sababu sehemu ya uchungu wake husikika baada ya kumeza. Ile ramani ya shuleni iliyosema utamu uko ncha ya ulimi na uchungu nyuma isahau, kwani ladha zote husikika pote.

Fanya jambo hili angalau mara moja: ziba pua kwa vidole, piga fundo, subiri. Utasikia utamu hafifu, uchungu, gesi inayochoma choma, basi. Sasa meza na uachie pua huku unatoa pumzi. Mkate, asali na chungwa vitaingia kwa pamoja. Mengi unayoyaita ladha yalikuwa harufu inayopanda kwa mlango wa nyuma. Tangu hapo, kila fundo litoe pumzi puani baada ya kumeza.

Kisha jiulize kwa mpangilio huu. Inaanza na utamu, na utamu huo unaondoka au unakaa? Uchungu unakuja lini, na unakwaruza au unasafisha? Bia ni nyepesi kama maji, au ina mwili kidogo? Gesi inasaidia au inavimbisha tumbo? Ikishamezwa, kinywa kinabaki kikavu au kinanata? Blondi ya kufanya mtu aagize ya pili huanza na utamu mdogo wa kimea, uchungu hufika katikati na kuuondoa, kisha kinywa hubaki kisafi, kikitaka tena. Ikinata, glasi ya pili itakuwa kazi. Ikiwa na uchachu wa ndimu na haikuandikwa kwamba ni ya kuchacha, shuku bomba.

Jaribio la glasi tatu

Wengi huapa kwamba wanaweza kutofautisha blondi ya kiwanda kidogo na laga ya kawaida macho yakiwa yamefumbwa. Lipime dai hilo kwa njia ambayo viwanda vimeitumia tangu miaka ya 1940. Mwenzako achukue vikombe vitatu visivyopitisha mwanga, atie bia ya aina moja kwenye viwili na ya aina nyingine kwenye cha tatu, zote zikiwa na ubaridi sawa, wewe ukiwa umegeuka. Kazi yako ni kutaja kilicho tofauti.

Ukibahatisha, utapata mara 1 kati ya 3. Kwa hiyo kupatia mara moja hakuthibitishi kitu. Rudia mara sita, kwa mafundo madogo na maji katikati. Ukipatia tano au sita, jidai kidogo, kwa sababu bahati tupu ingekufikisha hapo chini ya mara 2 kati ya 100. Ni mchezo mzuri wa mezani, na huwanyamazisha wanaoongea sana.

Chakula

Onja kwanza bila chakula, kisha kula. Katikati ya mafundo, mkate mweupe na maji vinatosha.

Blondi hupatana na kitu cha chumvi na mafuta mepesi: viazi karai, bajia, samaki wa kukaanga, kuku wa kuchoma. Chumvi hupunguza uchungu, gesi huosha mafuta. Ukwaju wa pembeni nao unakaa vizuri na hopsi zenye harufu ya chungwa. Mbuzi choma mwenye mafuta mengi ataifunika kabisa, huyo mpe bia nyeusi. Pilipili kali nayo huchomwa zaidi na gesi, basi kama unapenda kachumbari ya moto, isubirishe mpaka umalize kuonja.

Kuandika na kumwambia mpika bia

Andika jina, tarehe, chombo ilichotoka, na maneno matano yasiyozidi. Alama za nyota hazitakusaidia mwezi ujao, lakini "mkate, ndimu, kavu, siagi kidogo ikipata joto" yatakusaidia.

Kisha mwambie mwenye kazi. "Iko poa" haimsaidii, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lawama za jumla nazo hazina faida. Mwambie unachosikia, si unachodhani alikosea: "Mkubwa, blondi ya leo nimeipenda inavyomaliza kavu, ila ikipata joto nasikia siagi. Ilikaa tangini siku ngapi?" Mpika bia anayejiamini atachukua glasi yako, atanusa, na mtaanza mazungumzo ambayo hayapatikani kwenye lebo. Muulize hopsi gani ametumia. Ukisikia Cascade, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972, utaelewa harufu kama ya ganda la balungi inatoka wapi. Muulize maji pia, kama ni ya mfereji au ya kisima, maana visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi na si kila mmoja huyachuja.

Kama alikujazia chupa kubwa ya kwenda nayo nyumbani, isimamishe kwenye friji, usiilaze, na ukishaifungua imalize ndani ya siku moja au mbili. Ile itakayobaki bila gesi isimwagwe. Koroga nayo unga wa ngano, chumvi na bizari kidogo, chovya vipande vya samaki, ukaange kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa.